Masizi Usoni mwa Othello

Miaka michache iliyopita, baada ya kuhangaika na daftari langu kwa misimu miwili ya kaskazi, nilimaliza kutafsiri sehemu kadhaa za tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello. Sikumfanyia kazi hiyo mchapishaji yeyote. Niliifanya kwa ajili ya baraza yetu, ambapo watu wachache wapendao mashairi hukutana baada ya sala ya isha. Tulipokubaliana kuisoma kwa sauti, mimi ndiye niliyegawa nafasi. Palikuwa na kijana mmoja, mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ambayo hata wacheza bao wa upande wa pili wa njia huziacha kete zao wakamsikiliza. Huyo nikampa Othello. Hakukataa. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akaniambia kwa adabu: "Ami, mimi niliyemhifadhi ni Iago."

Nilimjibu kwamba Othello ndiye mkuu wa tamthilia, ndiye jemadari, ndiye mwenye maneno matamu kuliko wote. Yote hayo ni kweli, na hata moja katika hayo halikuwa sababu. Sababu ilikuwa uso wake. Kijana alisoma Othello usiku ule, akasoma vizuri, na watu wakamsifu. Mimi nilirudi nyumbani na neno lake limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Makala haya, msomaji mpenzi, ni juhudi yangu ya kuutoa mwiba huo. Nimeutafuta katika historia, kwa kuwa niligundua kwamba kosa nililolifanya barazani lina umri wa zaidi ya miaka mia nne.

Tuanze na mhusika mwenyewe. Hadithi yake ya asili ilitungwa na Mtaliana aitwaye Cinthio, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1565. Shakespeare aliichukua, akaigeuza, na tarehe 1 Novemba 1604 ikaigizwa mbele ya Mfalme James katika kasri ya Whitehall, London. Othello anaitwa kwa Kiingereza "Moor". Neno hilo Waingereza wa zama zile walilitumia kwa ulegevu mkubwa: mtu wa Maghribi, Mwislamu, mtu mweusi, au vyote kwa pamoja. Mwaka 1600, balozi wa Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alifika London na ujumbe wake kuonana na Malkia Elizabeth. Picha yake iliyochorwa wakati ule ingalipo: mtu wa makamo, kilemba cheupe, upanga ubavuni, macho makali. Huenda Shakespeare alimwona, huenda hakumwona. La hakika ni kwamba watu wa London walikuwa wamekwisha kumwona "Moor" mwenye cheo na heshima miaka michache kabla ya tamthilia hii.

Hapa ndipo kalamu ya mfasiri ilipokwama. "Moor" nitamwitaje kwa Kiswahili? Nikiandika "Mwarabu", msomaji wa kisiwa hiki atamwona mwenye shamba la mikarafuu. Nikiandika "Mwafrika", atamwona mchumaji karafuu. Nikiandika "mtu mweusi", ataniuliza ni nani basi aliye mweupe katika njia yetu. Kwetu maneno haya hayajalala. Wakoloni waliyatia katika madaftari ya kuhesabia watu, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili hata mgao wa chakula uliyafuata, hawa wakipewa mchele na wale mahindi. Zikaja Zama za Siasa, likaja Januari 1964, na kila neno katika hayo likabeba maiti wake. Mwishowe niliandika "Mmaghribi", nikijua kwamba nimekimbia zaidi kuliko nilivyotafsiri. Lakini kukimbia kule kulinifundisha jambo: rangi ya mhusika si kitu kimoja kila pahala. Husafiri pamoja na neno, na kila bandari huitoza ushuru wake.

Na kwenye jukwaa, je? Mtu wa kwanza kumwigiza Othello alikuwa Richard Burbage, Mwingereza mweupe aliyejipaka rangi. Mbele yake, Desdemona aliigizwa na mvulana aliyevaa gauni, kwani wanawake hawakuruhusiwa kupanda majukwaa ya Uingereza. Mwanamke wa kwanza kuigiza katika jukwaa la kulipiwa mjini London aliigiza nafasi hiyo hiyo ya Desdemona, tarehe 8 Disemba 1660. Leo hakuna anayelia kwamba mvulana amenyang'anywa haki yake. Nawaomba wale wasemao kwamba mhusika wa kale abaki kama alivyoachwa na mtungaji walikumbuke jambo hili. Lau tungeshika asili kwa uaminifu kamili, Desdemona angekuwa na ndevu zinazochipua.

Rangi ya Othello nayo haikutulia. Kwa muda wa karne mbili waigizaji walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakawa weusi tititi. Mwaka 1814 Edmund Kean, mwigizaji aliyesifika kuliko wote katika zama zake, aliacha weusi ule akajipaka rangi ya kahawia iliyokwajuka. Mabadiliko hayo hayakuja bure. Hiyo ndiyo miaka ambayo Uingereza ilikuwa ikigombana nafsi yake juu ya utumwa. Mshairi Samuel Taylor Coleridge alidai kwamba haielekei Othello awe mtu mweusi hasa, na Charles Lamb aliandika mwaka 1811 kwamba mapenzi ya Desdemona hupendeza kitabuni lakini huchukiza mtu akiyaona kwa macho jukwaani, kwa sababu ya rangi ile. Charles Lamb ndiye yule aliyeandika pamoja na dada yake Mary, mwaka 1807, kitabu cha hadithi zilizotolewa katika tamthilia za Shakespeare. Na kutoka kitabu hicho Edward Steere alichukua hadithi chache akazitia katika Kiswahili, akazichapisha hapa Unguja katika miaka ya 1860 kwa jina la Hadithi za Kiingereza. Shakespeare alitufikia, basi, kwa mkono wa mtu ambaye hakuvumilia kumwona Othello mweusi.

Mwaka ule ule wa 1807 alizaliwa mjini New York mtoto mweusi aliyeitwa Ira Aldridge. Alisoma katika shule ya watoto wa Kiafrika, akauonja uigizaji katika kikundi cha watu weusi kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1821, kisha akavuka bahari kwenda Uingereza. Mwaka 1825, akiwa kijana wa miaka 17, aliigiza Othello mjini London. Tarehe 25 Machi 1833 Edmund Kean alianguka jukwaani katika jumba la Covent Garden, katikati ya kuigiza Othello, na hakuinuka tena katika sanaa. Alifariki mwezi wa Mei. Tarehe 10 Aprili, jukwaa lile lile lilimpokea Aldridge. Mweusi wa kweli alisimama pale alipoanguka mweupe aliyepakwa.

Magazeti kadhaa yalimrarua. Ubaya wa sauti yake au wa matamshi yake haukuwa hoja yao kubwa. Kilichowachoma ni kwamba mkono wake ulimgusa Ellen Tree, mwigizaji mweupe aliyekuwa Desdemona. Usiku wa pili ulikuwa wa mwisho. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mengi, lakini milango ya majumba makubwa ya London ilibaki imemfungia Aldridge kwa miaka mingi. Alizunguka miji midogo ya Uingereza na Ireland, na kuanzia mwaka 1852 akaenda Ulaya ya bara, hadi Urusi. Wafalme walimpa nishani, na mshairi wa Ukraine, Taras Shevchenko, alimchora mwaka 1858. Alifia Łódź, katika nchi ya Poland, tarehe 7 Agosti 1867, na kaburi lake liko huko.

Jambo linalonigusa zaidi katika maisha yake ni jingine. Aldridge hakutosheka na Othello. Aliigiza Shylock, aliigiza Macbeth, aliigiza Mfalme Lear, na katika nafasi hizo alijipaka rangi nyeupe. Zaidi ya hayo, karibu na mwaka 1850 aliichukua tamthilia ya Shakespeare iitwayo Titus Andronicus, ambamo Aaron, mtu mweusi, ni shetani mtupu, akashiriki kuigeuza hata Aaron akawa shujaa. Kwa hiyo, mtu akidhani kwamba kubadilisha wahusika mashuhuri ni uzushi wa zama hizi, na aende Łódź akalisome kaburi lile. Aldridge aliyajua mambo mawili ambayo mimi niliyasahau barazani: kwamba fundi hapimwi kwa nafasi inayofanana na uso wake, na kwamba nafasi iliyoandikwa kwa dharau inaweza kuandikwa upya.

Karibu karne moja ilipita. Mwaka 1930 Paul Robeson, mwimbaji na mwanasheria wa Marekani ambaye baba yake alizaliwa mtumwa, aliigiza Othello mjini London pamoja na Peggy Ashcroft. Marekani yenyewe ilichelewa. Mwezi wa Oktoba 1943 tamthilia ilifunguliwa New York, Robeson akiwa na Uta Hagen na José Ferrer, ikaigizwa mara 296, idadi ambayo tamthilia yoyote ya Shakespeare haikuwa imeifikia katika majumba ya Broadway. Walipoipeleka katika miji mingine, Robeson alikataa kuigiza mbele ya hadhira iliyotenganishwa kwa rangi. Sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri, lakini filamu haikutengenezwa. Kanuni za Hollywood, zilizotiwa nguvu kuanzia mwaka 1934, zilikataza kuonyesha mapenzi baina ya mweupe na mweusi, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1956.

Filamu waliipata wengine. Orson Welles, Mmarekani mweupe, alijipaka rangi akaigiza Othello katika filamu aliyoiongoza mwenyewe, iliyopata tuzo kuu mjini Cannes mwaka 1952. Sehemu kubwa aliipiga juu ya ngome za Mogador, mji wa pwani ya Moroko ambao leo waitwa Essaouira. Tazama kinaya hicho: alivuka bahari hadi nchi ya Wamaghribi wenyewe, akachukua kuta zao, bahari yao na jua lao, kisha Mmaghribi akawa yeye. Na Welles hakuwa mtu wa chuki. Mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka 20, aliiongoza Macbeth katika mtaa wa Harlem, waigizaji wote wakiwa weusi na kisa kikihamishiwa Haiti, na watu walijaa barabarani kutaka kuingia. Mtu yule yule aliufungua mlango kwa mkono mmoja, akaja kuusimamia kwa mwingine. Mazoea yana nguvu kuliko nia njema.

Laurence Olivier alifuata. Filamu yake ya mwaka 1965 ilimwonyesha amejipaka weusi mwili mzima, ameishusha sauti kwa mazoezi ya miezi, anatembea kwa mwendo aliodhani ni wetu. Waigizaji wanne wa filamu hiyo walipendekezwa kwa tuzo za Oscar. Nimeitazama. Ufundi umo, siukani. Mgala muuwe na haki umpe. Lakini nilipokuwa nikiitazama, sikumwona mtu mweusi. Nilimwona mtu mweupe akinieleza nilivyo. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1995 ndipo Laurence Fishburne, mwigizaji mweusi, alipomwigiza Othello katika filamu kubwa ya sinema. Tangu usiku ule wa Covent Garden ilikuwa imepita miaka 162.

Katika muda huo palikuwa na onyesho moja lililothubutu kuliko filamu zote. Mwaka 1987, Janet Suzman aliiongoza Othello katika jumba la Market Theatre, Johannesburg, John Kani akiwa Othello na Joanna Weinberg, mwigizaji mweupe, akiwa Desdemona. Sheria ya Afrika Kusini iliyoharamisha mapenzi baina ya rangi mbili ilikuwa imefutwa miaka miwili tu nyuma, na utawala wa ubaguzi ungali umekaa kitini. Mbele ya hadhira ile, busu lilikuwa tamko. Nani atasema pale kwamba rangi ya mwigizaji si kitu?

Basi je, kanuni ni kwamba Othello awe mweusi, na mambo yameisha? Laiti yangekuwa mepesi hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hugh Quarshie, mwigizaji wa Uingereza mzaliwa wa Ghana, aliuliza swali lililowashtua wengi: je, si kwamba Othello ndiye nafasi ambayo mwigizaji mweusi hapaswi kuigiza kabisa? Hoja yake ilikuwa kwamba tamthilia inamwonyesha mtu mweusi aliyestaarabika kwa juu, kisha ikimkwaruza kidogo hutoka mnyama mwenye wivu. Mweusi anayeigiza hivyo huutia muhuri uongo ule. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, Quarshie alikubali kumwigiza Othello mjini Stratford, alikozaliwa Shakespeare. Kilichobadilika ni Iago. Nafasi hiyo alipewa Lucian Msamati, mzaliwa wa Uingereza, wa wazazi Watanzania, aliyekulia Zimbabwe. Alikuwa Iago mweusi wa kwanza katika kikundi hicho mashuhuri, Royal Shakespeare Company.

Niliposoma habari hiyo nililikumbuka neno la kijana wangu. Iago akiwa mweusi, kisa kinapinduka. Wivu wa Othello hauwezi tena kuwa "tabia ya weusi", maana aliyeupanda ni mweusi na anayaona yote kwa akili baridi kama barafu. Chuki ya Iago nayo inapata kidonda kipya: ofisa anayemwona mwenziwe, aliyepanda ngazi ile ile ya wageni, akimruka na kumpa cheo mwingine. Hakuna neno la Shakespeare lililoghushiwa. Uso umebadilika, na maneno yakaanza kusema yaliyokuwa yamefichika ndani yake.

Ziko njia nyingine za kumgeuza mhusika, na sisi tumeziona. Mwaka 2006 Vishal Bhardwaj alitoa filamu ya Kihindi iitwayo Omkara, na wapenzi wa sinema za Kihindi, ambao hapa kwetu hawana idadi, wanamjua Ajay Devgn katika nafasi hiyo. Pale weusi wa Othello umekuwa nasaba: Omkara ni mtoto wa mama wa tabaka la chini. Mwongozaji hakuuliza rangi. Aliuliza, nchini kwangu mtu hudharauliwa kwa lipi? Mwalimu Nyerere alifanya jambo la jamii hiyo alipotafsiri The Merchant of Venice mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi. Kwa neno moja la jalada, Shylock Myahudi alisogezwa pembeni na mwenye mtaji akaketishwa kati. Mtu anaweza kuuliza kama Myahudi alitendewa haki kwa kusogezwa hivyo, na mimi nauliza. Lakini swali lenyewe linaonyesha kwamba mfasiri naye ni mgawaji wa nafasi.

Kutokana na haya, mizani yangu ni hii. Mbele ya mhusika yeyote wa zamani tuulize kwanza: rangi yake inafanya kazi gani katika kisa? Ikiwa haifanyi kazi yoyote, ni mazoea tu yanayolinda kiti. Mwaka 2021 Denzel Washington aliigiza Macbeth, mfalme wa Scotland, katika filamu ya Joel Coen, bila ya kujipaka chokaa kama Aldridge, na kisa hakikupungua hata uzi. Ikiwa rangi inafanya kazi, basi anayeibadilisha awe na jibu kama alivyokuwa nalo Bhardwaj, na anayeiazima ajue kwamba wenyewe walinyimwa kwa karne tatu. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba masizi ya Olivier na chokaa ya Aldridge ni kitu kimoja. Mmoja alikuwa na milango yote na akaongeza huu. Mwingine alikuwa na mlango mmoja, nao ulifungwa usiku wa pili.

Nilirudi katika tamthilia, nikaisoma tena tangu mwanzo, na nikaona jambo ambalo katika misimu miwili ya kutafsiri lilinipita. Onyesho la kwanza lote Othello hayupo. Hata jina lake halitajwi. Anayemweleza ni Iago, usiku, chini ya dirisha la baba yake Desdemona, kwa matusi ya rangi na ya wanyama. Tunapomwona Othello mwenyewe, tumekwisha kupewa picha yake na adui. Mwenye kizibo cha moto alikuwa Iago tangu mwanzo, na masizi yake yalikuwa maneno. Nami nilipomgawia kijana yule nafasi kwa kumtazama usoni, nilikuwa nimesimama chini ya dirisha lile lile.

Tulisoma tena mwaka uliofuata. Othello nilimpa mfanyabiashara wa samaki, Mshihiri kwa asili, mweupe wa jua, mwenye sauti nzito na subira. Hakupakwa kitu. Iago akawa wa kijana. Alipofika pale Iago anapoanza kunong'ona, kutia shaka kidogo kidogo, kukana alilolisema na kulisema tena kwa kulikana, wacheza bao wa ng'ambo waliacha kete zao kama kawaida. Lakini safari hii hawakutabasamu. Tulipomaliza, mzee mmoja wa umri wa kuwa baba yangu alikaa kimya kitambo, akiyasugua magoti yake.

"Huyu Iago namjua," alisema. "Zama za siasa alikuwa akija barazani kwetu."

Hakuna aliyemwuliza alikuwa wa kabila gani.